Wavu Uliopotea Mashineni

Niapieni kwanza kwamba haya hayatoki hapa. Mimi mwenyewe niliapishwa na binti mmoja anaitwa Nyamizi, nikaweka mkono kifuani nikasema mdomo nimeufunga. Haya, sogeeni. Na ukishasoma mtumie jirani yako, ila mwapishe na yeye.

Nyamizi ana miaka kumi na sita. Akitoka shule hufanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga ya Mzee Shomari, yeye na mwenzake Kashindye. Kashindye humimina mahindi, Nyamizi hukinga unga.

Mashine ile ina mkanda mrefu unaozunguka kwa kasi. Zamani mkanda ulifunikwa na wavu wa chuma, mpana, wenye kiraka pembeni. Fundi alikichomelea kwa kipande cha jembe bovu. Siku moja watoto wakafika, wavu haupo.

"Wezi wa vyuma chakavu," Mzee Shomari akasema, anatikisa kichwa kama mfiwa. "Nyinyi muwe waangalifu tu."

Wakawa waangalifu. Lakini uangalifu nao huchoka, kama anavyochoka mtu.

Alhamisi moja watu wamejaa, kila mmoja anataka dona lake litangulie. Nyamizi akainama kufunga gunia, pindo la kanga aliyojifunga kiunoni likashikwa na mkanda. Kufumba na kufumbua kanga yote imekwenda. Bahati yake fundo lilikuwa legevu. Lingekaza, leo ningekuwa nawasimulia habari za matanga.

Kashindye akazima mashine. Nyamizi ameketi chini.

"Babu, tuwekee wavu mwingine," akamwambia Mzee Shomari aliyekuja mbio.

"Si nilisema muwe waangalifu? Mtu anakuja kazini kajifunga kanga kama anakwenda ngomani, mimi nimfanyeje?"

"Na shati langu likishikwa?" Kashindye akauliza.

"Vua shati. Na asiyetaka aseme. Foleni ya wanaotaka kazi ni ndefu kuliko hii ya unga."

Wakarudi kazini, maana ni kweli, na kazi ile ndiyo inayowanunulia madaftari. Mzee akajiendea zake sokoni kwenye biashara yake mpya ya mishikaki. Mishikaki mitamu, sikatai. Na jiko lake pana kuliko majiko yote ya pale, watu wanalisifu.

Nyamizi akaokota vipande vya kanga, akaenda navyo nyumbani.

Haukupita muda, ofisi ya kata ikatangaza siku ya vijana wanaofanya kazi. Kila kikundi kilete wimbo, mchezo au video. Nyamizi na Kashindye wakaazima simu. Mashine wakaijenga kwa maboksi, mkanda ukawa mpira wa baiskeli, wavu wakausuka kwa chelewa, vile vijiti vya ufagio. Msimulizi hakuwa mtu. Ilikuwa ile kanga iliyochanika, wameitundika kwenye fimbo, inasema kwa sauti ya Nyamizi.

Alichoniapisha nisiseme ni kwamba, kabla ya kurekodi, alikwenda sokoni akanunua mshikaki mmoja, akaula amesimama pale pale jikoni kwa mzee, taratibu mno.

Siku ikafika. Alasiri, televisheni imewekwa chini ya turubai, uwanja umejaa. Mzee Shomari penye watu hakosi. Alihamishia jiko lake hapo hapo, anapepea mkaa, televisheni kaipa mgongo.

Kanga ikaanza kusema, watu wakacheka. Kisha ikasema, "Mkanda uliponishika nikajua mmoja wetu harudi nyumbani. Nikaenda mimi, nikamwacha yeye." Kicheko kikakatika. Mama mmoja akamvuta mwanawe karibu.

"Sina ugomvi na mkanda," kanga ikaendelea. "Kazi yake ni kuzunguka. Namtafuta aliyekuwa akikaa kati yangu na yeye. Sura yake hii hapa. Aliyemwona atuambie."

Wavu wa chelewa ukajaa kioo kizima, na pembeni kiraka cha boksi, umbo la jembe.

Inasikika nyama tu ikidondosha mafuta motoni.

Mtoto mmoja, mshikaki mkononi, akasema, "Mama, si huyu hapa, amelala chini ya nyama?"

Watu wote wakageuka. Mzee Shomari alikuwa na kipepeo mkono huu na koleo mkono ule. Akaanza kuisogeza mishikaki pembeni, mmoja mmoja, haraka haraka, ifunike kiraka. Lakini biashara siku hiyo ilikuwa nzuri, na nyama iliyobaki ilikuwa kidogo. Kiraka cha jembe kikabaki wazi, kinang'aa mafuta, mji mzima unakitazama.

Funzo: Anayekuambia uwe mwangalifu huku kakuondolea kinga, hakulindi wewe, analinda kazi yake. Kijana, hatari ya kazini usiizoee ukanyamaza. Iseme, iigize, irekodi, waione wengi kabla haijampata mmoja.