Mvua Haisikii Pole

Paukwa!
Pakawa!
Mwenye mlango?
Aufunge!
Asiye na mlango?
Tumsikilize!

Basi sikilizeni. Hapo kale, kale ya mababu wa mababu zetu, mto ulifurika ukaingia shimoni kwa Mama Ngiri. Akamtoa mtoto wa kwanza, akamtoa wa pili, akamtoa wa tatu. Alipogeuka nyuma, nyumba haikuwapo tena. Mvua ilikuwa bado inanyesha, na kitindamimba alikuwa anakohoa.

Akawachukua wanawe, akapanda mpaka kijiji cha wanyama wa mlimani.

Akafika kwa Pimbi, mwenye nyumba ya mwamba.

"Hodi!"

"Karibu, ila simama hapo hapo."

"Bwana Pimbi, mto umetutoa nyumbani. Nisitiri na wanangu, hata pembeni."

"Pole, dada. Pole sana. Lakini humu ni mawe matupu, wanao watateleza. Pole mno!"

Pole ya tatu aliisema akiwa keshaingia ndani.

Wakaenda, wakaenda, wakafika kwa Nungunungu.

"Hodi!"

"Masikini, mmeloa chapachapa!" Nungunungu akatoa mizizi, akaiweka nje. "Kuleni, kuleni mshibe. Ila maganda msiyaache mlangoni pangu."

Wakala wamesimama, mvua ikiwanyeshea migongoni. Mama Ngiri akashukuru, kwa kuwa njaa ilikuwa ya kweli na chakula kilikuwa cha kweli. Kisha akaokota maganda yote.

Wakaenda, wakaenda, wakafika kwa Kobe, mkuu wa kijiji. Kobe hakuwahi kulala nje tangu azaliwe, maana nyumba yake iko mgongoni. Akaitisha baraza. Wanyama wakazungumza asubuhi, wakazungumza adhuhuri, wakazungumza hadi alasiri. Mama Ngiri alikaa katikati yao, na hakuna aliyemwuliza neno.

Mwisho Kobe akanyoosha shingo. "Ndugu zangu, jambo hili limetugusa sana. Tutakutana tena mwezi ukiandama."

Wakapiga makofi, wakatawanyika.

Nyuma ya baraza alikuwapo Fisi. Yeye hakuzungumza. Alikuwa akiwatazama watoto. Akamfuata Mama Ngiri njiani.

"Shemeji, hao wana maneno tu. Mimi nina nyumba. Pana joto, pakavu, na nafasi tele."

Mama Ngiri hakumpenda Fisi. Lakini miguu ilikuwa imekwisha nguvu, na mchovu hachagui mkeka. Wakaandamana mpaka mlangoni.

"Waingie watoto kwanza," Fisi akasema, akimeza mate. "Huyo aliyenona ndiye atangulie."

Moyo wa Mama Ngiri ukaruka. Sauti yake haikuruka.

"Ahsante, shemeji. Ila kwetu mgeni hamtangulii mwenyeji. Ingia ututandikie, nasi tutafuata."

Fisi akainama, akaingia. Kichwa kikapita, mabega yakapita, makalio yakabaki nje. Hapo Mama Ngiri akainamisha meno yake yaliyopinda, akampiga dafrao moja. Fisi akaporomoka mpaka chini, akilia uwiii! Mama Ngiri na wanawe wakatimua mbio.

Tangu siku hiyo ngiri huingia shimoni kinyumenyume, uso ukitazama nje, maana aliona kinachompata anayetanguliza kichwa.

Wakakimbia hadi bondeni, kwenye kichuguu, giza likiingia. Hapo wakamkuta Muhanga, mchimbaji mwenye masikio marefu, akila mchwa. Muhanga hulala mchana kutwa, kwa hiyo barazani hakuwapo, wala hakuna aliyemwalika.

Akawatazama. Hakusema pole.

"Mko wangapi?"

"Wanne."

"Mnataka mlango utazame wapi?"

Tangu mto ufurike, hakuna aliyekuwa amemwuliza Mama Ngiri anataka nini. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

"Uupe mto mgongo," akasema. "Maji yasituingilie tena."

Muhanga akachagua mwinuko, akaanza kuchimba. Kru, kru, kru! Mama Ngiri akasukuma udongo kwa pua. Watoto wakasukuma kwa miguu.

Sauti ile ikapanda mpaka kijijini. Nungunungu akaisikia, akashuka kimya kimya, akashika upande wa pili akachimba naye. Pimbi akaisikia. Akakaa, akainuka, akakaa tena. Kisha akashuka na mzigo wa nyasi kavu kutoka pangoni mwake.

"Za kutandika," akasema, macho chini.

"Ingia uzitandike mwenyewe," Mama Ngiri akamjibu.

Akaingia, akazitandika.

Kobe akafika kesho yake, jua limeshapanda, na hotuba yake tayari. Akasimama mbele ya shimo, akakohoa. "Ndugu zangu..."

"Sss!" Mama Ngiri akamkatiza kutoka mlangoni. "Watoto wamelala."

Kobe akarudisha shingo ndani.

Haya, wasikilizaji. Mvua haisikii pole, na baraza haliezeki nyumba. Ukimwona asiye na pa kulala, mwulize anataka nini, kisha utie mkono. Usipomfungulia wewe, yuko atakayemfungulia ili amle.

Ngano yangu imefika kwake, imejilaza. Utamu wake gawaneni nyote. Ukiwamo uchungu, nirudishieni mimi niliyeileta.