Muhogo wa Moto wa Kidawa

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani, alitawala Sultani Darweshi, mtu mwenye mali nyingi hata nyingine aliisahau. Ufalme aliupata baada ya kakaye kula halua na kulala moja kwa moja, na kwa kuwa halua ile aliituma yeye, alijua vema chakula huweza kufanya nini. Basi hakutia kitu kinywani mpaka mwonjaji wake, Ngwali, aonje kwanza, kisha ubani ufukizwe chetezoni hadi uishe, na Ngwali awe yu hai. Ikawa Sultani alikula vya baridi miaka ishirini.

Ngwali huyo alikuwa na rafiki fukara aitwaye Faki, msukaji wa kawa za kufunikia vyakula. Faki aliwasukia kawa nusu ya mji, na kwake mara nyingi hakukuwa na cha kufunika. Lakini kidogo kilichopatikana, mkewe Kidawa alikipika kikapikika, na Ngwali kila jioni alikuwa hapo, akila nao sinia moja na kulamba vidole. Watu walimwona Faki mpumbavu, kumlisha mtu wa nyumba ya Sultani. Faki alijibu tu kwamba anayeonja hashibi.

Basi Ngwali akaingiwa na tamaa ya kilemba cha hariri. Akamnong'oneza Sultani kwamba mjini yuko mwanamke mwenye mkono mtamu na macho yasiyomstahili msukaji wa kawa. Kilemba akakipata. Sultani alikuwa na wake watatu, akaona nafasi ya nne imekaa bure. Lakini kumnyang'anya mtu mkewe ni haramu, na kadhi wa mji ule alikuwa mkali. Ndipo akamwita Faki barazani, mbele ya kadhi, akasema:

"Faki, Ijumaa baada ya sala utaniletea kitu kimoja nisichokuwa nacho. Ukikileta, nitakupa shamba la minazi na hutasumbuliwa tena. Usipokileta, utamwacha mkeo siku hiyo hiyo, nami edda ikiisha nitamwoa."

"Na kikiwa kitu kidogo, bwana wangu?"

"Hata kiwe punje ya mtama. Mradi nisiwe nacho."

Kadhi akaandika. Faki akarudi kwake miguu mizito, kwa maana alimpenda Kidawa, na bila yeye hakuona sababu ya kusuka hata kawa moja.

"Mume wangu," akauliza Kidawa alipokwisha kusimuliwa, "nani aliyempelekea Sultani habari zangu?"

"Mwenye kilemba kipya."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Kidawa.

"Ijumaa nipikie muhogo wa nazi."

"Mtu ataachanishwa na mkewe, naye anataka muhogo!"

"Nipikie, mke wangu. Nawe uje nao, ukiwa juu ya makaa."

Ijumaa ikafika, baraza ikajaa. Kidawa akaingia amejitanda shuka, chungu kikiwa juu ya kigae cha makaa, kimefunikwa kawa mpya. Faki akaifunua, mvuke ukapanda. Watu wakacheka.

"Muhogo?" akasema Sultani. "Mashamba yangu yamejaa muhogo hata nguruwe mwitu wameuchoka."

"Muhogo unao, bwana. Chakula cha moto huna. Hiki ni cha moto."

"Nani asemaye sina?"

"Basi kula, bwana wangu."

Sultani akautazama mvuke. "Ngwali, onja."

Ngwali, aliyekula cha chungu kile miaka saba, akamtazama Kidawa, na Kidawa akakitazama kilemba. Ngwali akarudi nyuma hatua moja, akasema tumbo lamsumbua tangu asubuhi. Sultani hakumkemea, mambo hayo aliyaelewa.

"Hata akionja," akasema Faki, "ubani ukiisha kitakuwa kimepoa, na cha baridi unacho."

Akakaa mkekani na mkewe, wakanawa, wakala. Na kwa kuwa mtu hali mbele ya watu bila kuwakaribisha, Faki akasema, "Karibu, bwana." Mkono wa Sultani ukainuka gotini, ukafika nusu ya njia. Akaikumbuka ile halua, ukarudi. Watu wote waliuona, naye akaona haya.

Baada ya kitambo akauliza, "Kimepoa?"

"La, bwana. Kimekwisha."

Sultani akacheka kicheko kifupi, akamwamuru kadhi aandike shamba kwa jina la Faki. Ngwali hakupigwa wala hakufukuzwa. Aliachiwa kilemba chake na kazi yake, watu wakastaajabu.

Lakini mchana ule Sultani aliandaliwa sahani kumi na saba. Ngwali akaonja, ubani ukawashwa. Sultani akakaa akimtazama mtu aliyewauza kwa kilemba kimoja watu waliomlisha, akawaza bei yake yeye mwenyewe ni vilemba vingapi. Ubani ukaisha, Ngwali yu hai. Sultani akaagiza uwashwe mwingine.

Nasi hekaya yetu tuifunike kawa hapa, isije ikapoa.