Madumu Katika Chumba cha Wajukuu

Isome hadi mwisho, kisha mtumie mwenye gari umpendaye.

Mzee Lutengano aliishi peke yake nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Mkewe alifariki mwaka ule petroli ilipoadimika. Alizidiwa mchana kweupe, gari likiwa uani, tangi kavu. Kabla jirani hajapata usafiri, mama wa watu alikuwa ameshakata roho.

Mzee akaapa kwamba petroli haitamwishia tena. Akawa anainunua kidogo kidogo, akaijaza katika madumu yaliyokuwa ya mafuta ya kula, akayapanga katika chumba walimokuwa wakilala wajukuu wakija kumtembelea.

Binti yake, Tulinagwe, alipokuja likizo na watoto, walilala usiku mmoja tu. Watoto waliamka vichwa vikiwauma, mmoja akitapika.

"Baba, chumba hiki kinasubiri kiberiti tu," Tulinagwe akasema. "Yatoe."

"Mama yako alikufa kwa kukosa haya haya."

Tulinagwe alifunga mizigo, na likizo zilizofuata hakuja. Majirani waliozoea kupiga soga barazani nao wakakata mguu kwa sababu ya harufu. Mzee mwenyewe hakuisikia, pua ilishaizoea. Alichokisikia ni ukimya. Alisonga ugali wa mtu mmoja, akala huku redio ikinguruma ili kuwe na sauti ya mtu ndani, akijiambia kwamba ndivyo dunia ilivyo, mgane husahauliwa.

Asubuhi moja Tulinagwe akapiga simu. Alikuwa safarini na mtoto mchanga ambaye babu yake hajamwona bado. Basi lingesimama stendi kidogo abiria wanywe chai. Akamwomba baba yake aje ampakate mjukuu, japo kwa muda mfupi.

Mzee alivaa koti lake la kanisani. Tangi lilikuwa karibu kukauka, lakini wasiwasi wa nini? Akamimina dumu zima, lile la zamani kuliko yote, akapita kituo cha mafuta bila kusimama. Kwenye mwinuko gari likakohoa, likazima, likagoma kuwaka. Akaliacha hapo, akatembea kadiri magoti yalivyomruhusu.

Alipofika stendi, basi lilikuwa limeondoka.

Fundi aliyekuja kulivuta gari alinusa mafuta, akasema petroli ikikaa mno nayo huharibika. Akauliza ilikuwa imehifadhiwa wapi.

"Chumbani kwa wajukuu wangu," mzee akajibu. Alipojisikia akiyatamka maneno hayo, akaketi kando ya barabara, akajifunika uso kwa mikono.

Kesho yake watu wa gereji walikuja kuyachukua madumu yote. Mzee akafungua madirisha, akapiga simu.

"Nimeyatoa, mwanangu."

Tulinagwe akauliza kama harufu imeisha.

"Bado."

"Basi yaache madirisha wazi, baba. Tutakuja."

Hakusema lini, na mzee hakuthubutu kuuliza. Usiku huo alilala na baridi ya Tukuyu ikiingia nyumba nzima, wala hakufunga hata dirisha moja.

Funzo: Petroli haina chumba katika nyumba ya watu, ongeza mafuta kituoni tangi likifika nusu, usingoje likauke. Na hofu ya msiba uliopita isikufanye uwafukuze wale uliobaki nao.