Ufunguo wa Maji ya Mkangazo

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Kisa hiki kinanuka, nami sitakipaka marashi. Mwenye tumbo jepesi ashike ndimu, na mwenye akili aiweke tayari, kwa maana mwishoni nitawaachia kesi.

Katika mji wa Mkangazo kuna watu watatu mnaopaswa kuwajua.

Wa kwanza ni Nyamizi, fundi wa kompyuta katika ofisi ya maji. Nyamizi alijaliwa jicho. Kitu kilichokaa vibaya hakimpiti, hata kikiwa kimefichwa ndani ya kitu kingine kilichokaa vizuri.

Wa pili ni Lutufyo, mwandishi wa programu katika kampuni iliyouuzia mji mitambo ya kuendesha maji. Yeye alijaliwa mkono wa kuziba. Pale wenzake wanapobomoa na kujenga upya, yeye huandika mistari michache na kitu kikapona.

Wa tatu ni Sikudhani, mwendesha mitambo ya majitaka. Huyu alijaliwa kutobanduka. Akishika, ameshika.

Sasa, huko Mkangazo maji safi na majitaka hupita katika yadi moja. Kinachoyatenganisha ni valvu yenye usukani mkubwa kama gurudumu la lori. Zamani valvu hiyo ilifungwa kwa mikono. Siku hizi inaamriwa na kompyuta. Na ndani ya kila kompyuta kuna programu ya chini kabisa, ile inayoamua nani apite, nani azuiwe na nani aguse nini. Mafundi huiita kiini. Programu nyingine ikiharibika, utaifunga na kuifungua tena. Kiini kikitobolewa, aliyekitoboa ndiye mwenye nyumba.

Nyamizi akaona tundu. Kiini cha mitambo ile kilikuwa kinapokea ujumbe kutoka kwenye vipimo vya matangi bila kupima urefu wake. Ujumbe ukizidi chombo ulichotengewa, unafurika, na kinachofurika kinamwagikia mahali zinapokaa amri. Mtu mjanja akiupanga vizuri mwisho wa ujumbe wake, lile furiko lenyewe linageuka amri, na kiini kinaitii.

Akaenda kwa meneja wa maji.

"Bosi, mtu akilijua tundu hili, anafungua valvu ya majitaka akiwa amelala kitandani kwake."

"Maji yanatoka?" meneja akauliza.

"Yanatoka."

"Basi usinitafutie kazi."

Akaipigia simu kampuni. Sauti ya upole ikamjibu, "Dada yangu, hilo tunalijua siku nyingi. Tukilitangaza tutakimbiwa na wateja. Wewe nyamaza, na sisi tumenyamaza."

Walilijua! Walijua kwamba kati ya kinywa cha mtoto na choo cha jirani pamebaki kitundu, wakaona wanyamaze. Mimi nikilifikiria hilo mate ya kutema yananijaa mdomoni.

Lutufyo alikuwamo katika chumba ambamo simu hiyo ilipokewa. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona tundu hilo, akawaonyesha wakubwa wake, akaambiwa akae kimya. Akakaa. "Nina watoto shuleni," alijiambia. Kila asubuhi alikaa mezani pake palepale, akanywa chai, akaandika programu nyingine.

Nyamizi alingoja. Mvua zikaja, zikaisha, hakuna kilichozibwa. Siku moja hasira ikampanda, akaenda redio ya mji na kumwaga yote. Si kwamba alisema tu kuna tundu. Alisema liko wapi na linaingiwaje, ili asiwepo wa kumwita mwongo. Mtangazaji akamsifu. Maneno yake yakakatwa vipande, yakasambaa mitandaoni, yakafika kwa watu ambao kazi yao ni kutafuta matundu ya wenzao.

Wadukuzi hao hawakukawia. Waliingia kwenye kiini, wakaifungua valvu nusu.

Koki za Mkangazo zilianza kutoa povu. Kisha maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Kisha yakaja na vitu ndani yake, na mtu hakuhitaji kuambiwa ni vitu gani. Shuleni, wapishi walikuwa wameshapika uji wa watoto kabla ya kubaini harufu inatoka wapi. Walidhani ni panya aliyefia darini. Watoto wakaunywa, kwa maana wamefundishwa kutokataa chakula. Ilipofika jioni zahanati haikuwa na kitanda kilicho wazi.

Na kuna jambo ambalo hata leo watu wa Mkangazo hawapendi kulisimulia. Mzee Kipingu alikuwa amefariki kwa uzee wake, kifo chema kabisa, na wanawe wa kiume walikuwa wanamwosha. Mkubwa wao alishika mpira wa maji. Yalipofunguliwa, kilichotoka kilimwagika kifuani pa baba yao. Walisikika wakilia nje ya ukuta, si kilio cha msiba. Ilibidi wakanunue maji ya chupa dukani, wamwoshe upya mzazi wao chupa kwa chupa.

Wadukuzi wakatuma ujumbe kwenye kompyuta ya ofisi: "Lipeni, au endeleeni kunywa vinyesi vyenu."

Meneja akaenda redioni. Waliokuwepo wanasema alikuwa na chupa ya maji ya dukani mkononi, anapiga funda kila baada ya sentensi. "Ni hitilafu ndogo ya kiufundi," akasema. "Wananchi wachemshe maji." Wachemshe! Kana kwamba uchafu ukipata moto unageuka mchuzi.

Hapo ndipo wale watatu walipofanya walichofanya.

Nyamizi, ingawa ofisi ilikuwa imeshamfukuza kazi kwa yale aliyoyasema redioni, aliingia yadini, na mlinzi akageukia pembeni. Akakaa mbele ya kompyuta iliyotekwa, akaanza kufuata nyayo za wadukuzi. Harufu ilikuwa imeingia mpaka kwenye nywele zake. Alisoma kila walipopita, mpaka akaona jambo ambalo hata kampuni haikulijua: lilikuwepo tundu la pili, dogo zaidi, ubavuni mwa lile la kwanza. Wangeziba la kwanza tu, wangekuwa wamefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Akampigia Lutufyo, ambaye alisoma naye chuo kimoja.

"Unajua watoto wamekunywa nini huku?"

"Nimesikia," Lutufyo akasema.

"Kama bado una uso, njoo nao."

Lutufyo aliondoka kazini siku hiyohiyo, na nakala ya kiini cha kampuni ikiwa mfukoni, bila ruhusa ya mtu. Akapanda basi. Alipofika Mkangazo hakuomba hata mahali pa kulala, akaanza kuandika kiraka cha kuziba matundu yote mawili. Wakakijaribu kwenye kompyuta ya akiba. Ujumbe wa wezi haukupita tena, lakini hata vipimo halali vya matangi havikupita.

"Umeziba jeraha na pua pamoja," Nyamizi akamwambia.

Akafuta, akaandika upya: pima kwanza, kinachoenea kipite, kinachozidi kitupwe, na chochote kisiguse mahali pa amri. Simu yake ikaita. Ni kampuni. "Ukikiweka hicho kiraka, tutakushtaki kwa wizi. Utafungwa." Lutufyo akailaza simu kifudifudi mezani, akaendelea kuandika. Kiraka kikafanya kazi.

Lakini kukiandika si kukiweka. Wadukuzi walikuwa wamefunga njia zote za mtandao, kwa hiyo kiraka kilipaswa kuchomekwa kwa mkono kwenye kompyuta inayoendesha valvu. Kompyuta hiyo iko kwenye chemba chini ya ardhi, na chemba ilikuwa imejaa majitaka mpaka kifuani pa mtu. Tena si kuchomeka tu. Kiini kikibadilishwa, lazima kompyuta izime na kuwaka upya. Wakati imezima, valvu haina wa kuishikilia, na msukumo wa majitaka ungeifungua yote. Ilibidi mtu aushike usukani kwa mikono mpaka kompyuta irudi.

Lutufyo alijaribu. Alishuka ngazi chache, akatapika, akarudi juu akiwa na machozi. Nyamizi naye alifika palepale, akageuka.

Sikudhani alikuwa amesimama pembeni na buti zake. Watu wote wakamtazama.

"Nitashuka," akasema. "Lakini nikitoka, umeneja ni wangu. Na nyumba ya meneja, ile ya yadini."

Bi Nyangeta, mwenyekiti wa kamati ya wananchi, akamgeukia. "Sikudhani, watoto wamelazwa zahanati wanahara damu, wewe unataka cheo?"

"Miaka yote nazibua vyoo vyenu, Bi Nyangeta. Mkinipita njiani mnaziba pua. Wanangu wanaitwa watoto wa chemba. Leo mnanihitaji. Semeni sasa, kwa maana nikishatoka hamtanikumbuka."

"Shuka kwanza, mwanangu, tutazungumza."

"Hapana. Semeni."

Bi Nyangeta akatazama chini. "Haya. Utapewa. Shuka."

Sikudhani akashuka. Alichomeka flashi yenye kiraka kwenye kompyuta iliyo juu ukutani kama alivyoelekezwa, akabonyeza, kisha akautafuta usukani kwa mikono chini ya kile ambacho sitakiita maji. Kompyuta ikazima. Usukani ukaanza kumvuta. Akajibanza kifua ukutani, kidevu juu, mdomo ameufumba. Huko juu walimsikia akitapika, na mara nyingine walisikia anameza, kwa kuwa hakuwa na mkono wa kujifutia. Alibaki vilevile mpaka kioo kilipowaka na valvu ikajikaza yenyewe chini ya kiganja chake.

Walipomtoa, hapakuwa na maji safi ya kumwosha. Alikaa juani mpaka uchafu ukamkaukia mwilini, na hakuna aliyemsogelea.

Matangi yalisafishwa, maji yakarudi kuwa maji. Watoto walipona, baadhi yao polepole sana. Wadukuzi walijaribu tena kuingia, wakagonga ukuta. Meneja alifukuzwa na wananchi, akaondoka na katoni zake za maji ya chupa. Baraza la mji, kwa aibu, likasema: Mkangazo mchagueni wenyewe mtu wa kuyalinda maji yenu, naye atapewa ufunguo wa ofisi na nyumba ya yadini.

Na hapo, jamaa zangu, ndipo nilipochoka na binadamu. Nilidhani uvundo umekwisha.

Nyamizi alisimama mkutanini. "Bila jicho langu mngeziba tundu moja na kuendelea kunywa uchafu. Kazi nimepoteza kwa kuwasemea. Ufunguo ni wangu."

"Wewe?" Lutufyo akadakia. "Wewe ndiye uliyewachorea wezi ramani redioni! Bila mdomo wako wasingeingia. Kiraka ni changu, na kesi inayonisubiri mahakamani ni yangu. Nikikosa kazi hii, watoto wangu watakula nini?"

"Watoto wako!" Nyamizi akasema. "Ulilijua tundu kabla yangu, ukanyamaza kwa ajili ya hao watoto. Wa wenzako wakanywa choo."

Sikudhani alisimama mwisho, akikohoa. Kikohozi hicho hakijamwacha tangu siku ile, na daktari amemkataza kurudi kwenye chemba. "Mimi sibishani," akasema. "Niliahidiwa. Mlisikia wote."

"Ahadi gani?" mama mmoja akamkemea. Mwanawe ndiye aliyekaa zahanati muda mrefu kuliko wote. "Ulitushika koo, ndiyo unaita ahadi? Ulikuwa unatupimia bei ya wanetu!"

"Na wewe ungeshuka?" Sikudhani akamwuliza.

Mama yule akaketi.

Basi wakaanza. Huyu akamwita yule msaliti, yule akamwita huyu mwizi, mwingine akaitwa mnyang'anyi aliyevaa buti. Watu waliokuwa wameokoa mji mzima wakawa wanarushiana uchafu kwa midomo, na umati unashangilia kila anayerusha vizuri. Kijana mmoja alipendekeza wapewe wote watatu. Bi Nyangeta akatikisa kichwa: "Mameneja watatu, valvu moja? Siku ya hatari kila mmoja atasema ni zamu ya mwenzake."

Kisha akauweka ufunguo mezani mbele ya watu wote, akasema hataamua peke yake, maana kinywa chake ndicho kilichotoa ahadi.

Mbele yenu, wasikilizaji, wako watatu. Mmoja aliona, na kwa hasira akawaonyesha wezi pa kuingilia. Mmoja aliziba, baada ya kunyamaza mpaka ikawa msiba. Mmoja alishika mahali ambapo hakuna mwingine angeshika, lakini alidai bei kwanza. Ukimwondoa yeyote kati yao, Mkangazo ingali inakunywa vinyesi. Na yeyote mtakayempa ufunguo, maji ya uji wa watoto yatapita mikononi mwake kila asubuhi.

Mimi nimesema yangu. Wewe uliyekaa hapo: ufunguo ungempa nani?