Bata Aliyeogopa Maji

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura na fisi, ni zamani ya treni na simu za waya, kule Japani palikuwa na mchoraji wa katuni za watoto, jina lake Kurosaka. Alibuni bata anayeogopa maji, akamwita Muku. Kila wiki Muku alifika ziwani, kila wiki alitafuta kisingizio, kila wiki alirudi nyumbani mkavu. Watoto wa nchi nzima walimpenda mno.

Msidhani Kurosaka alichora peke yake. Msaidizi wake, Hideto, alichora mwili wa bata, ziwa, miti na mawingu. Kurosaka alichora macho tu. Na jina gazetini la nani? La mwenye macho. Mama yake Hideto huko kijijini alikuwa bado anamwuliza mwanawe atapata kazi lini.

Wiki moja mhariri, Sakaguchi, alikuja kuchukua kurasa, akaketi sebuleni. Ndiyo desturi yao: mhariri haondoki mikono mitupu. Kurosaka, ambaye hakuwa amechora hata ukurasa mmoja, akatorokea dirisha la jikoni, mtu mzima na mvi zake, akaenda kujificha kwenye hoteli ya chemchemi za maji moto.

Mtambo wa kuchapa unasubiri. Sakaguchi akasema, "Basi wiki hii Muku ataruka majini." Hideto akachora. Na macho je? Fusae, mke wa Kurosaka, ambaye kazi yake ilikuwa kufuta mistari ya penseli, akashika kalamu. "Macho ya woga nayajua," alisema. "Mume wangu huyatumbua kila ukipiga hodi."

Lo, kisa kile kikashinda tuzo ya mwaka. Waamuzi wakasifu macho, eti mkono wa Kurosaka haufichiki. Tuzo ni brashi ya shaba, na huchongwa jina moja tu.

Hapo pakazuka ubishi. Kurosaka, ngozi bado laini kwa maji moto, akasema, "Bata ni wangu. Tena nisingekimbia, mngepata wapi nafasi?"

Sakaguchi akasema, "Wazo la kuruka ni langu."

Hideto akasema, "Mwalimu, naomba mama yangu alione jina langu walau mara moja."

Fusae akasema, "Kilichosifiwa ni macho, na macho nimechora mimi, mume wangu. Wewe ulikuwa unaoga."

Wakati wanavutana, watoto wakasoma kisa kilichofuata: Muku anaogelea. Kingine: Muku anaogelea tena. Wakaliweka gazeti chini. Bata anayeogelea ana jipya gani? Gazeti likamfuta Muku, na wote wanne wakakosa kazi.

Mchongaji akaja. "Haya, niandike nani?"

"Sakaguchi," alisema Kurosaka. "Ndiye aliyemrusha majini."

"Mimi nilisema tu," alisema Sakaguchi. "Aliyechora ni Hideto."

Hideto jina alilitaka kweli. Lakini akasema, "Na mama akiniuliza kwa nini nilimmaliza Muku, nimjibu nini? Muulizeni Mama Fusae, ndiye aliyemtia uhai."

"Mwenye bata angekuwa nyumbani," alisema Fusae, "mimi ningeshika kalamu ya nini?"

Haya, nyinyi mnaopenda kuhukumu, mchongaji amekwisha inua patasi. Je, nani alistahili jina lake lichongwe? Na kabla hamjanijibu, semeni kweli: huyo mnayemtaja, mnampa tuzo au mnamtwika lawama?