Sare Iliyopunguzwa

Umewahi kumtendea mtu wema kwa mikono miwili, naye akakugeuzia mgongo? Wahenga walisema kuuliza si ujinga, yaani asiyejua asione haya kutaka kujua. Ila kuna wakati mtu humpenda mwenziwe hata akadhani anayajua yote ya moyoni mwake. Hapo ndipo binti mmoja wa kidato cha pili alipojikwaa.

Walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa kuwa mama yake alikuwa fundi cherehani. Shoga yake aliyekaa naye dawati moja aliitwa Kicheko, maana alicheka hata pasipochekesha. Basi Kicheko akashikwa na saratani ya damu, akalazwa, akakonda akawa kama ufito. Sindano alipokwenda kumwona mara ya kwanza, mgonjwa alimtania kwamba sindano alizochomwa zinamtosha, nani tena kamwita huyu. Wakacheka mpaka muuguzi akawatupia jicho. Kisha Kicheko akasema anaikumbuka shule, hata sare yake anaikumbuka.

Sindano hakuuliza zaidi. Alikwenda kwa shangazi aliyemlea Kicheko, akaiomba ile sare, akisema ataitengeneza kidogo. Nyumbani akaifumua ubavuni, akaipunguza kwa kukisia, akakata kitambaa kilichozidi, akapiga pasi mpaka marinda yakasimama wima. Hakuwahi kushona vizuri namna ile. Akaipeleka wodini, furaha imemjaa hadi kooni.

Kicheko aliipokea, akaipima kifuani, akapitisha kidole kwenye mshono mpya. Uso ukamsawijika. Akaisukuma pembeni, akageukia ukutani, akasema ana usingizi.

Sindano akatoka wodini akijiuliza. Kosa liko wapi? Rangi ya uzi? Maumivu tu? Au shoga amepata mashoga wengine humo wodini, yeye hatakiwi tena? Akawaza hili, likaja lile likalifuta, mwisho hakujua hata alichokuwa akiwaza. Akaanza kukwepa kwenda, akisingizia masomo, na kadiri alivyokwepa ndivyo alivyoona urafiki ukimponyoka kama sabuni mkononi.

Mama yake alipombana akasimuliwa yote, aliondoa mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza.

"Ulikata kitambaa cha mtu bila kumuuliza mwenyewe? Mwanangu, hata mteja mkorofi tunamuuliza, sembuse shoga yako. Nenda kamuulize."

Akaenda. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akavivunja vidole vyote kumi, akaanza sentensi akaiacha. Mwishowe akasema, "Mwenzangu, mimi sielewi. Nimekuudhi wapi? Ulitaka nini?"

Kicheko alikunja pindo la shuka, akalikunjua.

"Kila anayeingia humu ananitazama kama vile nitabaki hivi hivi," alisema. "Nawe ukaja na nguo umeikata kwa kipimo cha mgonjwa. Nilitaka ibaki kubwa, shoga. Nitanenepa mie. Nitaijaza."

Kumbe neno moja tu lingetosha tangu mwanzo. Ama kweli, kuuliza si ujinga.