Kalibu ya Ncha Kali

Ndugu zangu, akina mama mliosimama nje sogeeni kwenye madirisha, maana jambo hili ni fupi na sitalirudia.

Kulikuwa na mkulima mmoja wa mahindi huko milimani, shamba lake limepakana na msitu. Tumwite Otmar. Mkewe tumwite Kandida. Otmar alikuwa na bunduki aliyoachiwa na baba yake, yenye kibali chake, bunduki ya zamani ya kukoki kwa wenzo ulio chini ya kitako. Unaushusha wenzo, unaupandisha, risasi inayofuata inaingia mahali pake.

Risasi za bunduki ile zilikuwa hazipatikani tena madukani. Kwa hiyo Otmar alikuwa akisubu vichwa vya risasi mwenyewe, kama baba yake: anayeyusha madini ya risasi jikoni, anayamimina kwenye kalibu, anangoja yagande, anafungua. Lakini kalibu ya baba ilikuwa imechakaa. Vichwa vilitoka na mapengo ubavuni, na ukivipiga vinakwenda vinakotaka vyenyewe. Msimu uliopita nguruwe pori walikuwa wameingia shambani wakala mpaka wakalala humo humo. Otmar alipiga, akakosa, akapiga tena, akakosa. Majirani walicheka. Wakasema nguruwe wa Otmar wanakula huku wanapigiwa ngoma.

Hilo lilimuuma kuliko mahindi.

Basi akaenda kwa fundi mmoja aliyekuwa akichonga kalibu kwa kuagizwa. Mteja anachagua umbo, yeye anachonga. Fundi akamwekea mezani vichwa vya mfano. Kimoja kilikuwa kifupi, kinene, kichwa chake bapa kama kimekatwa kwa kisu. Kingine kilikuwa kirefu, chembamba, ncha yake kama ya mshale. Otmar akakishika kile chenye ncha, akakigusa kwa kidole, akasema anataka hicho.

Fundi akamuuliza ni bunduki gani. Otmar akamweleza. Fundi akatikisa kichwa, akamwambia achukue kile bapa.

"Hicho butu?" Otmar akauliza. "Nimechekwa vya kutosha, fundi. Mimi nataka kitu kikali."

Fundi hakubishana naye. Alimweleza tu, na mimi niwaeleze ninyi, maana hapa ndipo mambo yote yalipo. Bunduki ya aina ile risasi zake hukaa ndani ya bomba chini ya mtutu. Zinajipanga mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, kama sisi tunapopanga foleni ya kisima. Na kila risasi, nyuma yake pale katikati, ina fataki, kitu kidogo ambacho kikigongwa kinawasha baruti. Sasa fikirini wenyewe. Ncha ya risasi ya nyuma inagusa nini? Inagusa fataki ya mwenzake aliye mbele.

Kwa sababu hiyo, fundi alisema, vichwa vya bunduki ile hufanywa bapa. Havifanywi hivyo kwa ubaya wala kwa uvivu. Hufanywa hivyo ili viweze kukaa pamoja.

Otmar alisikiliza, lakini kile chenye ncha hakukiweka chini. Mwisho fundi akamwambia, "Nitakuchongea, ni mali yako. Lakini uniahidi: bombani weka moja tu. Usizipange hizi hata siku moja."

Akaahidi. Na nimtendee haki, aliitunza ahadi. Alirudi nyumbani, akamweleza Kandida neno lile la fundi, akasubu vichwa vyake, vikatoka vinang'aa. Akawa anaweka moja, anapiga, anaweka nyingine. Nguruwe wa kwanza alianguka ng'ambo ya korongo, mbali sana. Majirani wakala nyama. Waliomcheka wakaja kumpa mkono. Wengine wakaomba kukishika tu kile kichwa cha risasi, wakikigusa ncha kama alivyokigusa yeye, wakisema, "Huyu sasa ana kitu kikali."

Ndugu zangu, mnajua sifa zinavyofanya kazi. Mtu akishasifiwa kwa ukali wake, anaanza kuona masharti kama dharau.

Mahindi yalipoanza kukomaa, alfajiri moja, mbwa walibweka. Kandida akatoka na debe la kupigia kelele, Otmar akatoka na bunduki. Kulikuwa kumeanza kupambazuka na waliona vizuri: kundi zima, majike na watoto, wameshavunja mistari ya katikati. Otmar akaanza kujaza bomba. Moja, nyingine, nyingine.

Kandida akamwona. Akasema taratibu, kama mke anavyosema jambo ambalo anajua mumewe analijua, "Baba Sesilia, fundi alisema moja."

"Moja itanisaidia nini na kundi lile?" Otmar akajibu, bila kumtazama.

Kandida hakuondoka. Alisimama ubavuni pake, akangoja apige ili naye agonge debe.

Otmar akalenga, akapiga. Risasi ile ya kwanza ilikwenda juu. Bunduki ikarudi nyuma kwa kishindo begani, kama bunduki zinavyorudi, na zile zilizokuwa bombani zikasukumana. Ncha ikagonga fataki. Bomba likapasuka chini ya mkono wake wa kushoto.

Alipoteza vidole viwili. Kipande cha chuma kilimpata Kandida shavuni, chini ya jicho, na waliomshona walisema kingepanda kidogo tu angekuwa na jicho moja. Nguruwe walikimbia wote. Hakuna hata mmoja aliyepata mkwaruzo.

Fundi alipopata habari alikwenda kuwaona wodini. Alikwenda na hofu, maana alijua ni yeye aliyeichonga kalibu ile, na njia nzima alikuwa akijiuliza kama kuonya kunatosha. Alimkuta Otmar amekaa kwenye kiti karibu na kitanda cha mkewe, mkono umefungwa. Fundi akaanza kuomba radhi. Otmar akamzuia.

"Ulinieleza," akasema. "Mimi niliuliza itafika umbali gani. Sikuuliza nani atakaa mbele yake."

Kisha akamgeukia mkewe, na fundi akatoka nje, maana yaliyofuata hayakuwa yake kuyasikia.

Sasa, sisi.

Sisi tunapenda ncha. Mtoto akijibu kwa ukali tunasema huyu ana akili. Mzee akimkata mwenzake kwa neno moja kwenye kikao, tunalibeba neno lile mpaka nyumbani, tunalirudia, tunacheka. Tunanoa ndimi zetu, na ukituuliza kwa nini, tuna jibu zuri: kuna adui. Kuna wanaotuibia, kuna wanaotudharau. Na ni kweli wapo. Nguruwe wa Otmar walikuwa nguruwe wa kweli, na mahindi yalikuwa mahindi ya kweli.

Lakini niambieni, neno lako kali linakaa wapi kabla halijamfikia adui? Linakaa na wewe nyumbani. Linalala na wewe, linakaa mezani wakati wa kula. Na mbele yake kuna nani? Kuna mkeo, kuna mumeo, kuna mtoto aliyechelewa kurudi na debe la maji. Kuna huyu mnayeimba naye kwaya. Sisi hatukupewa kila mtu bunduki yake. Tumewekwa katika bomba moja, mgongo wa mmoja umegusana na uso wa mwingine, na kishindo kidogo tu, msiba, njaa, uchaguzi wa wazee wa kanisa, kinatusukuma sote pamoja.

Mungu hakukuomba uwe dhaifu. Kichwa bapa nacho huangusha nguruwe. Amekuomba uwe mtu ambaye mwenzako anaweza kusimama mbele yako, amekupa mgongo, asiogope.

Je, aliyekaa mbele yako leo, katika benchi hilo la mbele, ana amani na wewe nyuma yake? Simjui mimi. Unamjua wewe. Mguseni begani kwa upole, ageuke, mpeane mikono. Na wale wenye jambo kati yao, nawaona, msiharakishe. Sisi wengine tutangoja, ndipo tuombe.